Ugali Kwenye Unyayo wa Kale

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya kung'ata masikio. Kijumba cha nyayo kitazinduliwa Jumamosi, na mimi sikupangiwa kiti cha mbele!

Nieleze kwa utaratibu. Wachimba kokoto walikuta kule bondeni nyayo za watu katika majivu ya volkano, majivu yaliyogeuka mwamba kabla babu wa babu wa mtu yeyote hajazaliwa. Wataalamu wakaja, wakapima, wakajenga kijumba cha bati juu yake. Sasa tuna makumbusho. Madogo, lakini ni yetu.

"Yetu." Hapo ndipo penye shida. Jirani yangu Mzee Lusekelo, Mnyakyusa wa kuzaliwa hapa, ndiye mpanga viti. Mbele watakaa wazee wenyeji. Nilipomuuliza kiti changu alinisalimu kwa kilugha cha kwetu Iringa, "Kamwene!", mbele ya watu wote, kisha akasema mgeni wetu asihangaike, atawekwa nyuma kivulini asiungue jua. Jua! Mwezi huu!

Nilihamishiwa Mbeya kutoka Iringa kuwa karani wa maktaba, nikiwa kijana mwenye nywele. Sikurudi tena kuishi. Nikienda kwetu Igowole kusalimia ndugu wananiita Mzee wa Mbeya. Huku mlimani wananiita Mhehe. Miparachichi niliyoipanda inazaa, na wajukuu wa Lusekelo wanaiiba bila haya. Mgeni huibiwa hivyo?

Lazima nipate mpango.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kijumbani. Mhifadhi ni binti mpole aitwaye Esnath, mwenye tochi na sauti ya chini kama tuko kanisani. Kibao cha mlangoni kimeandikwa "nyayo ya kale". Nimemweleza kwamba mmoja ni unyayo. Amesema ahsante, babu. Hajabadilisha.

Lakini nyayo zenyewe! Mtu alipita hapa peku, majivu yakiwa mabichi, akizamisha kisigino kama aliyebeba mzigo. Hakujua kwamba anaacha kitu. Huenda naye alikuwa anahama. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kisha nikaona mambo mawili. Kwanza, mtu huyu anatokea upande wa Iringa. Pili, kidole chake cha pili ni kirefu kuliko kidole gumba! Huo ni mguu wa ukoo wetu wa Kalinga. Marehemu baba alikuwa nao. Shangazi alikuwa nao. Mimi ninao. Kwa hiyo mwenyeji wa kwanza wa mahali hapa alikuwa Mhehe, na mgeni ni Lusekelo.

Jambo moja tu linanikera. Kando ya nyayo kuna alama za mnyama, na Esnath anadhani ni mbwa mwitu. Namwomba Mungu Lusekelo asizione. Tangu nihamie huku, mbwa akipita mbele ya nyumba yangu Lusekelo humpigia kelele, "Kimbia, mwanangu!" Eti Wahehe tunakula mbwa. Sijawahi kumjibu hata siku moja. Mtu aliyesoma hajibu upuuzi.

Jumatano, 11 Juni

Mpango: kuchukua umbo la unyayo ule, kuliweka mezani siku ya uzinduzi, kuvua kiatu mbele ya umma, na kunyamaza. Ukweli ujiseme wenyewe.

Umbo litachukuliwa kwa nini? Plasta sina. Udongo utachafua. Kwa ajili ya nta nilimwomba katekista mishumaa, akauliza ni ya nia gani, nikashindwa kusema uongo ndani ya kanisa. Hatimaye nikagundua: ugali wa sembe! Mgumu, wa kusongwa kwa mikono miwili. Ukipoa hushika umbo kama jiwe.

Nikajaribu kwa mguu wangu mwenyewe. Verediana, mke wangu, akaingia jikoni akanikuta nimesimama ndani ya sinia. Akauliza kama nimechanganyikiwa au nimepata kazi. Nikamweleza. Akanitazama mguu, akasema, "Baba Eveline, huo mguu nimelala nao tangu harusi. Kama kuna mwingine aliyekuwa nao, nampa pole mkewe."

Kisigino kilitoka vizuri. Vidole vilinasa. Dawa: kupaka mafuta ya kupikia.

Alhamisi, 12 Juni

Manyunyu na ukungu. Niliweka umbo la mguu wangu dirishani likauke. Kuku wa Lusekelo wamekula ushahidi.

Ijumaa, 13 Juni

 Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi Esnath alitoka kunywa chai. Nikaingia na ugali wa moto ndani ya jani la mgomba. Nikavua viatu kwa heshima, nikavuka uzio, nikapiga magoti, nikaukandamiza ugali wenye mafuta ndani ya unyayo. Nikawa nahesabu vidole kwa sauti ndogo. Vilikuwa vikitokea vizuri, kimoja kimoja!

Ndipo kwaya ikafika kufanya mazoezi ya uzinduzi. Damari, kiongozi wao, akatangulia mlangoni. Akamwona mzee amepiga magoti, peku, ananong'ona, ameshika kitu cheupe kinachong'aa mafuta. Akapiga ukelele uliosikika mpaka barabara kuu: "Anachota unyayo!"

Huku, kama kwetu, utani una mengi ila unyayo wa mwenzako huugusi. Anayechota unyayo wako amechota uhai wako. Na mimi nilikuwa nachota unyayo wa babu wa kijiji kizima!

Watu walijaa kama kumepigwa kengele. Nikajaribu kueleza kisayansi. Nilipotaja "vipimo" mambo yakaharibika zaidi. Mmoja akauliza kwa nini mahindi yake hayakuzaa mwaka huu. Mwingine akasema ndiyo hasara ya kukaribisha watu usiowajua walikotoka. Sauti ikatoka nyuma kwamba niondoke leo leo na vyombo vyangu. Niende wapi? Nikaona mtu mmoja anainama, anaokota jiwe. Najua wanavyofanywa wazee kwa maneno kama yale. Nilimfikiria Verediana, yuko nyumbani peke yake.

Kisha Lusekelo akapenya katikati. Nikajua nimekwisha.

Akautazama ugali. Akanitazama mimi. Akatazama alama za yule mnyama. Akageukia watu, akawauliza kwa ukali tangu lini Mhehe akaroga kwa ugali. "Hamwoni? Kaona mbwa kapita. Yeye ugali tayari anao, anauliza kitoweo kimeelekea wapi!"

 Damari ndiye aliyecheka wa kwanza, cheko la kujizuia likamponyoka puani. Halafu wote. Jiwe likadondoka. Nikaona watu wazima wanashikana mabega, wanafuta machozi.

Lakini Lusekelo hakuishia hapo. Alichukua ugali mkononi mwangu, akamega, akala mbele yao, ili kila mtu aone kwamba si dawa. Kisigino kikaenda. Kikafuata kidole cha pili, kile kirefu, hoja yangu yote. Akakimeza. Akasema umejaa mafuta, Wahehe bwana, hata kupika hawajui.

Esnath akarudi mbio, akakagua kwa tochi. Hakuna kilichovunjika! Nilikaa chini nikashukuru kwa lugha zote ninazozijua. Akanifokea kama mjukuu anavyomfokea babu: kwa nini sikumwuliza? Nakala ya plasta iko ofisini, imewekwa makusudi ya kushikwashikwa. Akaniletea. Kidole kirefu si kidole. Ni ufa wa mwamba.

Tulirudi nyumbani na Lusekelo, polepole, kwa ajili ya magoti yangu.  Penye miparachichi akasema kwamba amenitupia utani miaka yote hii na sijamrudishia hata mmoja. "Mgeni wa kweli hatukanwi, Kalinga. Hupewa kigoda na maziwa. Mimi nilidhani hunitaki." Akaingia kwake, akafunga mlango.

Nimekaa kitandani. Nyumba ni ile ile. Vyombo viko mahali pake. Verediana anakoroma. Sijapata kusikia mlio mzuri kama ule.

Jumamosi, 14 Juni

Uzinduzi! Nimekaa mbele, kando ya Lusekelo. Aliniwekea kiti mwenyewe, akakipangusa kwa kofia, akasema amekipangusa kwa ajili ya mbwa watakaokuja kuniomba msamaha nisiwale.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama, nikawaambia wageni rasmi kwamba nimechunguza nyayo hizi kwa karibu kuliko mtu yeyote, na ninathibitisha hakuna Mnyakyusa hata mmoja aliyepita hapa. Mnyakyusa angevaa viatu, tena angevipiga rangi kwanza, hata kama mlima unatema moto nyuma yake!

Kicheko kilitikisa bati. Lusekelo alicheka mpaka akashika mbavu, akanipiga kofi la mgongo ambalo bado linauma. Ndilo kofi nililolisubiri tangu ujana. Niliinua macho nikaiona milima, na sikuwaza Igowole hata kidogo.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala kama mtoto. Misani watu wamenisalimu kwa matusi mazuri.

Nimesahau kuandika jambo moja la jana, dogo. Baada ya hotuba yangu alikuja Gideoni, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, Msangu kutoka Ubaruku. Amekaa huku muda si haba, ameoa huku. Alileta kiti chake mwenyewe, akakiweka mwisho wa mstari wetu, kwa adabu, akauliza kama kuna nafasi.

Nikamweleza, kwa sauti ili na wengine wafaidi, kwamba huu ni mstari wa wenyeji, na kwamba Wasangu hawakualikwa, wamefuata harufu ya pilau. Akabaki ananitazama. Nikamrudia, taratibu, nikidhani hakusikia. Akainua kiti chake akaenda kukaa nyuma kabisa, peke yake, mpaka mwisho wa sherehe.

Lusekelo naye hakucheka, sijui kwa nini.

Kuna watu wanakaa mahali miaka na miaka na hawajifunzi utani. Namhurumia Gideoni. Kesho nitamtania tena.