Amri ya Majalada Mekundu

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Wilaya ya Solgok, wanaosoma na wasiosoma, kwamba mapukutiko, majira ya majani kugeuka rangi na kuanguka, yamefika rasmi. Kuanzia leo maktaba ya wilaya itaazimisha vitabu, filamu na muziki wenye majalada mekundu, ya njano, ya rangi ya chungwa au ya kahawia pekee. Vitu vya buluu, vya kijani na vyeupe vitapumzishwa katika chumba cha chini ya ardhi hadi majira yao yatakapowadia. Wananchi wanaombwa kufurahi.

Tangazo hilo niliandika mimi, Mok Jae-ung, Afisa Utamaduni Mwandamizi. Sentensi ya mwisho aliiongeza Mkuu wa Wilaya mwenyewe, Mheshimiwa Pyo Gwang-deuk, kwa sababu aliwafahamu watu wake. Usipowaagiza kufurahi, watauliza maswali.

Sababu ya amri ilikuwa nzito. Wilaya jirani ya Danhwa ina milima ya miti ambayo kila mwaka, baridi ikianza, huwaka nyekundu kama jiko la mkaa, na mabasi ya watalii kutoka Seoul huenda huko kupiga picha na kula. Milima yetu sisi ni misonobari mitupu. Msonobari hauna adabu ya majira. Januari kijani, Julai kijani, na mapukutiko yakija unakutazama vilevile, kama mkwe asiyetaka salamu. Mheshimiwa alisimama dirishani akaitazama milima yake kwa uchungu, kisha akasema: "Mok, kama mlima umekataa, maktaba itakubali."

Ikaundwa Kamati ya Upatanifu wa Majalada na Majira. Mwenyekiti Mheshimiwa, katibu mimi, na mtaalamu wa rangi Bwana Seok, mwenye duka la rangi za nyumba na ambaye, kwa bahati njema, ni kaka wa mke wa Mheshimiwa. Bwana Seok alipita rafu kwa rafu na kadi ya rangi za dukani kwake, akaiweka kando ya kila kitabu kama daktari anayepima homa. "Hiki kipite. Hiki chini. Hiki kimefanana na kahawia lakini moyoni ni kijivu. Chini."

Kazi ilikwenda vizuri. Mama mjamzito aliyetaka kitabu cha uzazi, chenye jalada jeupe, alipewa kitabu chekundu cha kuzima moto. Watoto wa chekechea walionyang'anywa filamu yao ya samaki waliwekewa filamu ya volkano, yenye kasha la njano la kupendeza sana. Nikaandika kwenye taarifa kwamba watoto waliguswa, wengine hadi machozi.

Siku ya gulio akaja Mama Tak Bun-nyeo.

Mama Tak ni mkulima wa gam, yale matunda ya rangi ya chungwa yanayokamata ulimi yakiwa mabichi. Mume wake, Mzee Ok Chil-seong, enzi zake alikuwa mpiga ngoma wa pansori, hadithi zetu za kuimbwa. Katika pansori mwimbaji ni mmoja na mpiga ngoma mmoja, na kazi ya mpiga ngoma si kupiga tu. Mwimbaji akifika mahali patamu, humrushia neno la kumtia moyo. Kiharusi kilimchukua Mzee Ok upande mmoja wa mwili pamoja na ulimi wote. Kilichobaki kilikuwa vidole vya mkono wa kulia. Kila gulio mkewe aliazima sidii ileile ya pansori, akamwekea, na vidole vile vikapiga mdundo juu ya goti. Daktari alisema asiache kabisa, kwa maana njia ya kurudi kwa mzee huenda ikapitia hapo.

Jalada la sidii hiyo lilikuwa la buluu.

"Ran-hui mwanangu," Mama Tak alimwambia mkutubi wetu, Bi Gu Ran-hui, "nipe ile ya baba Mi-rye."

"Mama, imeshushwa chini."

"Imeshushwa? Kwani imefanya nini?"

"Rangi yake, mama. Eti buluu ni ya kiangazi."

"Nani kasema?"

Bi Ran-hui alinielekezea kidevu tu, jambo ambalo si la kiungwana kwa mtumishi wa umma.

Nikasogea. "Mama, hatukunyimi muziki. Tunakupatanisha na majira."

"Mwanangu Mok, nami nikupatanishe na mwavuli huu?"

Kwa kuwa serikali yetu ni sikivu, nilimchagulia mbadala kwa mkono wangu: sidii ya muziki wa mazoezi ya viungo kwa wanawake wa mjini, jalada la rangi ya chungwa safi, lisilo na doa. Aliitazama, akanitazama, akaitia kwenye kikapu juu ya vitunguu.

Kesho yake alirudi mbio mbio.

"Kasema!"

"Kasema nani?"

"Baba Mi-rye! Tangu aanguke hajatamka neno, ujue. Jana namwekea huu mdude wenu, mwanamke anafoka humo ndani, inua goti, inua goti, mzee akautumbulia macho, mshipa wa shingo ukamtoka, akasema: 'Zima!'"

Bi Ran-hui aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nikatoa kalamu.

"Unaandika nini wewe?"

"Mafanikio, mama. Mgonjwa amerejewa na usemi kutokana na amri."

Nilitegemea acheke, kwa kuwa habari ilikuwa njema. Lakini akakaa kwenye kiti cha wasomaji, akaweka kikapu chini. "Neno moja tu, Mok. Na la hasira. Nikazima, nikapiga magoti mbele yake nikasubiri la pili. Halikuja. Na vidole navyo vimegoma. Vimelala pajani kama vya maiti." Aligeukia rafu. "Kwa hiyo kosa la ile sidii yangu ni nguo tu?"

"Nguo?"

"Hilo jalada. Ingevaa kahawia, ingepanda juu?"

"Kwa mujibu wa amri, ndiyo."

"Haya," akasema, akajifunga kitambaa chake kichwani na kuondoka.

Gulio lililofuata alileta kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe, kadiri ya sidii ile. Alikuwa amekichovya katika maji ya gam mbichi, yale ambayo wanawake wa vijiji vya juu huyakamua kiangazi na kuyatunza kwenye mitungi, akakianika juani hadi kikawa na rangi ya jani lililokwisha kukata tamaa. Bi Ran-hui akashuka chini, akaitia sidii kifukoni, akaiweka mezani kwangu.

"Afisa Mok, hii ni rangi gani?"

Hilo halikuwa swali la ngazi yangu. Kamati iliitishwa kwa dharura.

Bwana Seok alipinga kwa ukali, maana kitambaa hakikununuliwa dukani kwake. "Rangi ya kuchovya ni udanganyifu! Kitu kilichozaliwa buluu ni buluu. Mtu akificha asili yake kwa dawa ya rangi, sisi tutamwitaje?"

Mheshimiwa ana umri wa miaka sabini, na nywele zake ni nyeusi kuliko wino wa ofisi. Hakuna aliyezitazama. Kutozitazama huko kulihitaji juhudi. Mmoja alichunguza dari, mwingine alianza kukohoa bila kikohozi.

"Endelea, shemeji," alisema Mheshimiwa taratibu. "Tutamwitaje?"

Bwana Seok aliikunja kadi yake ya rangi. "Tutamwita... mtu anayekwenda na majira."

"Hapo umenena."

Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba rangi ya kitu ni ile inayoonekana na wageni. Jioni hiyo Mama Tak alipeleka sidii yake nyumbani, na tuliambiwa vidole vilichelewa kidogo, kama mtu aliyenuna, kisha vikaingia kwenye mdundo.

Sasa maji yalikuwa yamepata mkondo. Mama mjamzito alikuja na kifuko. Walimu wa chekechea wakaja na vifuko. Wanawake wa vijiji vya juu wakaketi uani kwa maktaba na mitungi yao, wakashona huku wakila chapati za vitunguu na kusengenya serikali, na chumba cha chini ya ardhi kikaanza kutapika vitabu. Buluu, kijani, vyeupe, vyote vikavishwa kahawia na kupanda juu. Mwishowe hata vyekundu vikavishwa, visije vikajiona bora.

Maktaba ikapendeza kupita kiasi. Kutoka mlangoni hadi ukutani rangi moja, kama mlima mmoja mkubwa wa majani makavu. Tatizo lilikuwa dogo: hakuna aliyejua kitabu gani ni kipi.

"Mheshimiwa," alisema Bi Ran-hui, "wanawake wanaomba tuandike majina juu ya vifuko."

"Herufi zitavuruga rangi."

"Lakini mtu atajuaje anachochukua?"

"Msomaji wa kweli," alijibu Mheshimiwa, "kitabu chake anakijua hata akifumba macho."

Tukaandaa sherehe ya kuzindua maktaba ya mapukutiko. Walikuja wakubwa wa mkoa, mkuu wa Danhwa akiwa na uso wa wivu, na watu wa televisheni. Wananchi walijaa hadi uani. Mzee Ok aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akawekwa mstari wa mbele, blanketi magotini, Mama Tak kando yake.

Kilele kilikuwa Mheshimiwa kusoma sehemu ya kitabu cha maisha yake. Lazima nieleze jambo la kiutawala hapa: kitabu hicho nilikiandika mimi. Mheshimiwa alikuwa na shughuli nyingi za kuishi maisha yenyewe. Kilikuwa na jalada la buluu, hivyo siku ya kwanza kilipelekwa chini pamoja na vingine, maana sheria ni msumeno, kisha kikavishwa na kurudishwa juu mahali fulani.

Bi Ran-hui alikuwa amekitafuta na kukiweka tayari mezani. "Hiki hapa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alikitazama kwa dharau. Kilikuwa chembamba. "Bibie, hicho si changu. Maisha yangu hayawezi kuwa membamba hivyo." Mbele ya kamera akaifuata rafu, akapitisha vidole kwa madaha, akachomoa kilichokuwa kinene kuliko vyote. "Mtoto wako hukosi kumjua," aliwaambia wageni, akakifungua katikati na kuanza kusoma kwa sauti yake ya kampeni.

"'Dume kubwa usilidhanie ni hodari kwa sababu ya kelele zake. Hupiga kelele kwa kuwa limezoea kulishwa la kwanza.'"

Sentensi hiyo sikuiandika mimi. Nilikikumbuka kitabu hicho: mwongozo wa ufugaji wa nguruwe, jalada la kijani.

Mheshimiwa akatua, akawaangalia watu kwa hisia. "Hapa," alifafanua, "nazungumzia ujana wangu."

Akaendelea. "'Hula fungu la wenzake, hulala njiani likawazibia wengine, na ukitaka kulihamisha hulalama kana kwamba banda ni urithi wa baba yake.'"

Uani mtu mmoja alichekea puani. Mkuu wa Danhwa aliinamisha kichwa akawa anatetemeka mabega. Bwana Seok, asiyejua aelekee wapi, alipiga makofi.

"'Mfugaji mwenye busara halionei haya. Hulitoa kabla ya joto la kiangazi, kisha hulisafisha banda kwa chokaa.'"

Ndipo mkono wa kulia wa Mzee Ok ukapanda juu, ukashuka gotini pa! na sauti ikamtoka, kavu, yenye kutu, lakini mahali pake hasa, kama mpiga ngoma anavyomrushia mwimbaji:

"Hapo hapo!"

Mama Tak aligeuka. Alimshika mumewe mashavu kwa mikono yote miwili, mbele ya mkoa mzima, akasema, "Rudia. Baba Mi-rye, rudia." Naye akarudia, nusu ya uso wake ikicheka: "Hapo hapo!" Uani wakamwitikia wote. Hapo hapo! Hapo hapo! Watu walipiga miguu chini, wakafuta machozi, wakakumbatiana. Mama Tak alikuwa analia na kucheka, na mimi, bila idhini ya maandishi, macho yangu yaliloa.

Mheshimiwa alikifunga kitabu akiwa amefura kwa fahari. Miaka yote ya uongozi wake hajawahi kushangiliwa hivyo.

"Mok," aliniambia tukiwa kwenye gari, "ukurasa ule uliuandika lini? Ni mzuri kuliko vyote."

Utaratibu hauniruhusu kumsahihisha mkubwa wangu. "Ulinijia tu, Mheshimiwa."

"Uchaguzi ni Juni. Nataka maneno yale kwenye mabango. Kila njia panda, picha yangu, na sentensi moja kubwa chini yake. Chagua wewe inayotosha kwenye kitambaa."

Nilitii. Nilichagua fupi. Theluji ilipoyeyuka, wilaya nzima ilikuwa imepambwa kwa sura ya Mheshimiwa akitabasamu, na chini yake kwa herufi nyekundu: LITOE KABLA YA JOTO LA KIANGAZI. Bwana Seok ndiye aliyeuza rangi.

Wananchi wa Solgok, ambao kwa muda mrefu wamelaumiwa kwa kutopenda kusoma, walisoma. Mheshimiwa alishindwa hata katika kituo cha nyumbani kwake, na shemeji yake alipoulizwa alisema alikwenda na majira.

Siku ya kuhama ofisi Mheshimiwa aliomba apewe zawadi moja tu ya kuikumbukia maktaba, kile kitabu alichokisoma siku ya sherehe. Bi Ran-hui alimfungia vizuri, kikiwa ndani ya kifuko chake.

Wiki chache baadaye simu yangu ililia.

"Mok," ilisema sauti ya Mheshimiwa, "sasa nina nafasi, nimeanza kukisoma kitabu changu. Umefanya kazi nzuri. Ila nimefika sura ya sita, kuna jambo silikumbuki."

"Jambo gani, Mheshimiwa?"

"Mimi nilihasiwa lini?"

Nilisimama kwa heshima, ingawa hakuwa akiniona.

"Juni, Mheshimiwa."