Kipimo Changu cha Kiimbo

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kutunga kipimo cha kiimbo. Kompyuta inatoa sauti ishirini, za kupanda na za kushuka. Mtoto anaiga, natia alama. Mtaalamu mwenzangu wa matamshi, ambaye kimoyomoyo namwita Bi Polepole, kauliza mtoto asiyetaka kuiga atapimwaje. Wivu mtupu. Ijumaa mkuu wa kliniki anachagua kipimo cha kutumika, changu au chake. Lazima kiwe changu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempima binti wa fundi cherehani. Miaka sita, ana usonji, maneno hayazidi matatu. Kapata sifuri. Muda wote alikuwa chini ya meza, anaguna. Mama yake akasema nyumbani mguno ukipanda anaomba, ukishuka anakataa. Nikamweleza miguno haimo kwenye fomu. Akauliza kama sifuri itamnyima mwanawe nafasi ya mazoezi. Nikasema huenda. Akainama, akamfungia mtoto taratibu kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari. Nimeshinda sina raha. Sifuri itakichafua kipimo changu.

Jumatano, 5 Machi
Mpango: nimfundishe zile sauti kwa siri, Ijumaa aziige mbele ya mkuu. Nimeziimba zote mara tisa. Koo limekauka. Mtoto kaziba masikio. Mfagiaji kachungulia, kauliza naumwa wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeumbuka. Kompyuta ililia, mtoto kimya. Nikaimba mwenyewe, mtoto akaingia mvunguni mwa meza. Bi Polepole akaketi sakafuni pamoja na mama, akapuliza mapovu ya sabuni, kisha akatulia, akangoja. Tukangoja wote. Mtoto akatoka. “Mmm?” Sauti ikapanda. Akapuliziwa mengine. Nikamsogezea kompyuta yangu. “Mmm.” Ikashuka hadi chini kabisa. Mkuu akaandika miguno yote miwili. Mama akafuta machozi, akasema, “Leo kasikika na wengine.” Mtoto kapewa nafasi. Kipimo kilichochaguliwa ni cha Bi Polepole. Mimi nimeagizwa nikae naye sakafuni, nijifunze kusikiliza. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekaa sakafuni saa nzima, magoti yamekufa ganzi. Binti wa fundi alikuja mwenyewe, akanivuta mkono wa shati, akaguna mara tatu, kila mguno ukipanda mwishoni. Nikamwomba anyamaze kidogo. Nilikuwa natunga kipimo kipya, na kelele zinanivuruga.