Ombi la Kumsimamisha Gelasius Ushemeji kwa Ajili ya Baruti

Parkdale, Toronto
Februari 2012

Kwa Bi Domina,
Mwenyekiti wa Jumuiya yetu ya Watanzania

Ndugu Mwenyekiti,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaojaza baruti kwenye maganda ya risasi zao wenyewe ni kudhani kwamba baruti nzuri ni ile inayotumika kidogo. Wanaona kopo moja litadumu, wanafurahi, wananunua. Wanasahau kwamba ganda la risasi nene ya bastola lina nafasi kubwa ndani. Baruti kali ya kipimo kidogo hujilaza chini kabisa, kama chumvi kwenye sufuria tupu, na ukijisahau ukaweka mara mbili hutaona tofauti. Bastola ndiyo itakayoiona, na baada ya hapo hutakuwa na bastola, na pengine hata kidole cha kushikia kalamu.

Kwa hiyo mimi huchagua baruti yenye ujazo mkubwa, inayoungua taratibu na kupanda juu ndani ya ganda. Ukiiweka mara mbili inamwagika mezani, na aibu yako inaonekana mapema. Natanguliza somo hili kwa sababu wewe ni muuguzi na hujawahi kujaza risasi, nami ninakuja mbele yako na ombi zito.

Naomba Kamati imsimamishe Ndugu Gelasius, kaka wa mke wangu Genoveva, asiwe shemeji yangu kwa miezi sita. Baada ya hapo arejeshwe kwa mtihani, ambao nitautunga mwenyewe.

Unanifahamu. Nilifundisha kemia miaka mingi nyumbani kabla ya kuwafuata watoto huku. Nina bastola moja ya kizamani, ile yenye ngoma inayozunguka, nina kibali chake, na nailenga kwenye karatasi katika klabu ya wazee wenzangu. Sina gari. Gelasius analo, naye hunichukua kila Jumamosi akitokea Don Mills. Kwa kuwa hufika mapema na hawezi kukaa bila kushika kitu, nilimruhusu anisaidie mezani. Tangu hapo nyumba yangu haina amani, na siku hizi nalala na njaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyongeza. Unajua marehemu mama yao aliuza mchele na maharage Bukoba, na alisifika kwa kibaba chake. Hakuna mteja aliyeondoka bila kibaba kufanya kichuguu juu, kisha konzi moja ya nyongeza. Gelasius amelelewa hivyo. Sasa ni mtu wa ofisi, anavaa tai, lakini ukimpa kijiko na chombo, mama yake anamrudia mkononi. Nilimwachia maganda na kopo la baruti nikaenda kupokea simu. Niliporudi na kumulika tochi, kama ninavyomulika siku zote kabla ya kufunga maganda, nilikuta kila ganda limefanya kichuguu kizuri cha baruti. Nikamuuliza, "Gelasius, nani amekuambia uzidishe?" Akanijibu kwa upole, "Shemeji, nilichoka kuyaona yamepungua. Mtu akikupa kitu hakijajaa, si amekudharau?"

Nilimweleza kwamba ganda si mteja. Akaniambia kwamba ndiyo maana wateja wangu hawarudi.

2. Fataki. Hiki ni kile kidude kidogo kinachokaa kitakoni mwa ganda. Bastola ikikigonga kinatoa cheche na kuwasha baruti. Ziko za kawaida na ziko kali. Baruti nyingine ni nzito kuwaka, hasa ile ya chembe za mviringo, na hiyo huhitaji fataki kali. Yangu huwaka bila kubembelezwa, na kitabu cha vipimo kinataja fataki ya kawaida. Ukibadilisha fataki umebadilisha risasi nzima, na lazima uanze upya kutoka kipimo cha chini. Nilimtuma dukani na jina la fataki nimemwandikia. Akarudi na zile kali. Sababu? "Shemeji, nje kuna barafu. Hata sisi tumevaa koti mbili." Yaani alizinunulia risasi zangu sweta.

Kinachoniudhi zaidi, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba baridi kweli hufanya baruti fulani iwe nzito kuwaka. Sikuweza kumwambia kwamba amesema upuuzi mtupu. Nililazimika kumwambia kwamba amesema upuuzi nusu, na hilo halina nguvu hata kidogo kwenye ugomvi.

3. Udi. Jirani yetu Bi Suhaila, mtu wa Unguja na mstaarabu kuliko sisi sote, alipita kumsalimu Genoveva akiwa na chetezo chake mkononi, kwa kuwa alikuwa ametoka kufukiza kwake. Gelasius akamfungulia mlango wa chumba changu. "Pitisha na humu, Bi Suhaila, hapa pananuka mafuta ya mashine kama gereji." Mimi niko mezani, kopo la baruti liko wazi, na makaa mekundu yanaingia yakinukia vizuri sana. Nilifunika kopo kwa kofia yangu, nikafunika kofia kwa tumbo langu. Bi Suhaila akadhani nimeshikwa na maumivu, akanisogelea na chetezo ili nipate nafuu.

Sina ugomvi na udi. Ila ukimweleza Gelasius habari hii, yeye hucheka mpaka anakaa chini.

4. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika. Vile vichuguu nilivimwaga vyote kwenye kopo la baruti na kuanza upya. Gelasius akanitazama kama mtu aliyekupakulia chakula akaona unakimwagia mbwa. Akaenda jikoni kwa dada yake. Nikawasikia. "Dada, mumeo amerudisha mkono wangu." Genoveva akauliza, "Amerudisha vipi?" "Amemwaga. Mbele yangu." Kisha Genoveva akasema, "Huyu Mwalimu anapenda vipimo, eti? Sawa."

5. Tangu jioni ile mke wangu ananipimia chakula kwenye mizani yangu ya baruti. Ile ni mizani ndogo sana, Ndugu Mwenyekiti. Wali hauenei. Anaweka kijiko, anainama kusoma namba, anapunguza punje mbili kwa uma, ananimiminia kwenye sahani. Nikiomba nyongeza ananiuliza, "Kitabu kinasemaje?" Juzi alinimulika mdomoni kwa tochi yangu ili ahakikishe kwamba sijajaa kupita kiasi. Nimejitetea kwamba tumbo si ganda. Akasema anajua, kwani ganda halilalamiki.

Kutokana na hayo, kusimamishwa kwa Gelasius kuwe na masharti. Asiniite shemeji, aniite Bwana Urbanus. Asinitanie, hata nikijikwaa kwenye barafu. Kwenye sherehe akae na wageni wa kawaida, na picha ya familia ikipigwa yeye ndiye ashike kamera. Kama Katiba ya Jumuiya haina kifungu cha kusimamisha ushemeji, naomba kitungwe kwenye mkutano ujao, kabla ya ajenda ya viti vya plastiki. Nimekwisha kumwambia Gelasius kwamba sitampigia simu mpaka Kamati iamue, na mimi sirudi nyuma.

Nisalimie mumeo, watoto, wanakwaya wote wa sauti ya nne, na yule mzee wenu wa ghorofa ya juu anayelalamikia kelele, mwambie namuunga mkono.

Wako katika kupima kwa uangalifu,
Mwalimu Urbanus Kaijage

N.B. Genoveva ameisoma barua hii begani kwangu. Hakukasirika. Amesahihisha koma mbili, akasema hoja zangu ni nzuri, kisha akaenda kupanga sahani jikoni. Leo amepika ndizi na nyama, ile ya mkia, harufu imefika mpaka kwenye lifti. Mizani imekwisha kuwekwa pembeni ya sufuria na kufutwa vumbi.

Nimekaa nikafikiri kama mtu wa sayansi. Genoveva hawezi kumpimia mtu chakula mbele ya mgeni. Hilo kwao haliwezekani, afadhali afe. Mgeni akiwepo, sahani zote zinajazwa mpaka zinafanya kichuguu, na mwenye nyumba naye anapata. Kati ya watu wote wa Toronto, anayeweza kufika hapa kabla nyama haijapoa, na kukubali kuja bila kuuliza maswali, ni mmoja tu. Mimi siwezi kumpigia, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Barua hii anaileta Kiprop wa ghorofa ya chini, anayekuja huko kwenu sasa hivi kwa baiskeli. Ukiisoma, ichane. Kisha mpigie Gelasius simu leo hii, umwambie aje kula kwa shemeji yake.