Mfuko wa Simu Kwenda Buhemba

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwaza Tausi mpaka nimeshona miguu ya suruali ya mteja ikawa mmoja! Mchumba wangu anauza chakula Buhemba, machimboni. Mimi na cherehani yangu Kamunyonge, Musoma mjini. Katikati, barabara ya matope. Juzi alisema anayependa haogopi matope. Niliumia.

Leo mtaani mtafiti Agness katueleza: simu zikihama kutoka mnara hadi mnara, kompyuta inaona watu wengi wanakwenda wapi, bila majina, na serikali inajua pa kujenga barabara. Lami mpaka kwa Tausi! Nusura nimkumbatie Agness.

Jumanne, 4 Juni
Nimetangaza: ukiniazima simu, nakushonea vifungo bure. Mfuko umejaa. Khalidi, fundi jirani mwenye ulimi, akauliza kama nimeanza wizi. Nikamjibu ni takwimu.

Jumatano, 5 Juni
Ndani ya basi simu zililia kama vifaranga. Nikazima sauti zote, na yangu. Buhemba! Ng'ambo ya stendi, moshi wa kibanda cha Tausi. Moyo ukaruka. Lakini basi lilikuwa linageuza, na safari moja haitaishawishi kompyuta. Nikarudi nalo.

Alhamisi, 6 Juni
Tena. Leo moshi sikuuona. Kuni zimelowa, maskini. Njiani tulipishana na basi la Musoma. Nikalipungia mkono: wasafiri wengine kwa kompyuta!

Ijumaa, 7 Juni
Khalidi anapiga pasi huku anaimba. Anasema Tausi alikuja jana na kitambaa cha sikukuu ya Idi, nimpime mimi mwenyewe. Akakaa kwenye benchi langu mpaka jioni, anapiga simu tu. Mwisho Khalidi ndiye aliyempima. Khalidi! Tausi kaacha ujumbe kwamba yeye alikujaga, na matope yake yote.

Nimekaa alipokaa. Nimeokota uzi wa kijani wa kitambaa chake. Ninao mfukoni. Namtamani mpaka kula siwezi.

Jumapili, 9 Juni
Agness kasema kompyuta inaona kundi kubwa likifika Buhemba, halikai, linarudi. Inaelekea hawana haja na kule.

Nimelijua kosa langu. Mfuko mdogo! Kesho nakusanya na simu za Bunda, mpaka Kabasa.

Tausi anapiga sasa hivi. Naona mwanga tu, sauti nimeshaizima kwa safari. Sipokei. Nitampigia siku lami itakapofika mlangoni kwake.