Zeituni ya Mlingotini

Wananchi wa Bagamoyo walitangaziwa siku ya Ijumaa, baada ya sala na kabla ya chakula cha mchana, kwamba zama za kupika kwa kubahatisha zimefika kikomo. Gari lenye kipaza sauti lilipita Dunda, likashuka hadi soko la samaki, likazunguka mpaka Mbegani. Lilisema kuwa tangu siku hiyo hakuna mafuta yatakayoingia katika kikaango chochote kabla asili yake, ukoo wake na mwenendo wake havijathibitishwa na Ofisi ya Uhalisi wa Mafuta ya Kupikia. Watu walisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye pilau zao, ambazo kwa bahati mbaya zilikuwa zimeshapikwa.

Sauti iliyotoka katika kipaza ilikuwa ya Methodius, Mkaguzi Mwandamizi, na kila alilolisema alikuwa analiamini. Methodius alikuwa mtu wa miongozo. Mwongozo ungesema maji ni makavu, angeanika shati lake ndani ya mtungi na kukaa pembeni kusubiri likauke. Si kwamba hakuwa na akili. Alikuwa nayo, ila aliitunza kama watu wanavyotunza vyombo vya wageni, kabatini, isije ikavunjika kwa matumizi ya kila siku.

Chanzo cha yote kilikuwa semina. Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Mheshimiwa Bwanausi, alipelekwa ng'ambo, katika nchi za mizeituni, na huko akaandaliwa mkate na kisahani cha mafuta ya kuchovyea. Aliporudi hakuwa Bwanausi yule yule. Alianza kula polepole, akitazama mbali. Tena huko alikuwa ameelezwa jambo lililomkosesha raha: kwamba mafuta ya zeituni huchakachuliwa sana duniani, yakatiwa mafuta rahisi na kubandikwa majina ya uongo. Alipiga hesabu zake kitaalamu. Ikiwa wenye mizeituni nyuma ya nyumba tangu enzi za manabii wanaingizwa mjini, je, watu wa Bagamoyo, ambao hawana hata mti mmoja, hali yao ikoje?

Kikaoni wote walikubali kwamba hali ni mbaya. Hakuna aliyekumbusha kuwa Bagamoyo zeituni ni kile kichupa kidogo cha duka la dawa. Mama humpaka mtoto mchanga, shehe huyasomea dua, mchungaji huwapaka waumini kwenye paji la uso, na babu akiumwa sikio hutiwa tone moja. Samaki hakuwahi kukaangwa ndani yake, wala samaki wenyewe hawakuwahi kulalamika.

Basi ukatungwa mwongozo. Zeituni iliwekwa juu kabisa. Alizeti, ufuta, samli, mawese na nazi zikawekwa chini yake kwa jina la mafuta ya mpito, yaani mafuta ambayo mwananchi ataendelea kuyavumilia huku akisubiri zeituni. Kipimo kilikuwa kimoja, Bwanausi alikipata kule semina, kwenye maongezi ya chai: weka mafuta kwenye jokofu hadi kesho yake. Yakiganda ni zeituni halisi, yakibaki maji si zeituni. Ili kuepuka malumbano, pua, ulimi na macho vilipigwa marufuku kama vyombo visivyosajiliwa.

Ulikuwa msimu wa kipupwe Methodius alipofika sokoni na chupa zake za sampuli. Alichukua kwa kila mkaangaji, akamaliza kwa Mwaija, mama wa makamo kutoka Mlingotini, ambaye samaki wake walipangiwa foleni na wavuvi, walimu na madereva. Methodius mwenyewe alikuwa mteja wake tangu alipohamishiwa Bagamoyo kutoka bara, siku alizokuwa bado anaogopa miba. Mwaija ndiye aliyemfundisha kula samaki changu kuanzia shingoni.

Alimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akamjibu, "Marahaba, baba, leo umekuja na njaa au umekuja na serikali?" Methodius akasema amekuja na serikali. Mwaija akamjazia chupa bila kinyongo. Mafuta yalikuwa ya nazi, aliyoyatoa mwenyewe kwao Mlingotini: amekuna, amekamua tui, amechemsha mpaka maji yakaisha na mafuta yakajitenga. Harufu yake ilitangulia mtaa mzima.

Kesho yake jokofu lilipofunguliwa, alizeti ilikuwa maji, ufuta ulikuwa maji, mawese yalikuwa yamezubaa bila kuamua. Mafuta ya Mwaija yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama mshumaa. Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba mafuta ya nazi huganda hata yakiwa juu ya kabati, asubuhi ya kipupwe ikiwa na baridi kidogo. Methodius naye alikwishalijua hilo. Lakini mwongozo haukusema lolote juu ya watoto wa pwani. Ulisema kinachoganda ni zeituni.

Alirudi sokoni akampa mkono wa hongera.

"Ni ya nazi," Mwaija alisema.

"Kipimo kimesema zeituni, mama."

"Nimekuna mimi, kwa mkono huu. Tazama, mbuzi imenikata kidole."

"Kidole sikikatai," Methodius alisema kwa upole. "Ila kidole hakijasajiliwa."

Kama mambo yangeishia hapo, Mwaija angecheka na kuendelea na kazi. Lakini ngazi moja ya ukweli huzaa nyingine. Bwanausi alipoletewa matokeo, aliuliza swali ambalo mkurugenzi yeyote makini angeuliza: zeituni halisi imemfikiaje mkaanga samaki? Nchini haioti, kwa hiyo imetoka nje. Imetoka nje, kwa hiyo imepita bandarini. Bandarini haijulikani, kwa hiyo imepita bandari bubu, na Mlingotini ni pwani, yaani ni mahali ambapo bandari bubu ingekaa kama ingetaka kukaa. Kabla ya adhuhuri Mwaija alikuwa mtuhumiwa wa magendo. Kikaango chake kikachukuliwa, jiko likazungushiwa utepe, na yeye akaambiwa asitoke mjini mpaka shauri lake lisikilizwe na wajumbe wa ofisi, na ikibidi apelekwe mahakamani, na huko si ajabu akafungwa.

Utepe aliuzungusha Methodius. Mwaija alisimama pembeni akimtazama, hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba ana wajukuu nyumbani wanaokula kwa lile jiko, na kwamba yeye hajawahi kuiba hata mua wa jirani. Kisha akamwonyesha pale utepe ulipolegea, akamsaidia kuubana, maana alikuwa mtu asiyependa kazi iliyofanywa ovyo.

Jambo hilo lilimuuma Methodius kuliko matusi. Siku zilizofuata alikwepa sokoni, akawa anakula mkate mkavu ofisini. Kusema kwamba ni nazi hakuweza, kwani alichokuwa nacho ni pua tu. Akafanya kitu pekee alichokijua: akausoma mwongozo upya, mstari kwa mstari, akitafuta mahali ambapo ungemruhusu kuwa na huruma. Akapapata. Mtuhumiwa ana haki ya kulinganishiwa mafuta yake na sampuli rejea, yaani zeituni ambayo uhalisi wake hauna shaka.

Bagamoyo nzima ilikuwa na chupa moja tu ya namna hiyo. Ilikuwa ofisini kwa Bwanausi, juu ya kabati la vioo, zawadi kutoka semina. Kila mgeni alitiliwa tone moja kwenye mkate na kuombwa afumbe macho.

Bwanausi alifurahi kuombwa. Siku ya shauri aliileta chupa mwenyewe, akaikabidhi mbele ya wajumbe na mbele ya watu wa sokoni waliojaa hadi veranda, akaeleza kwamba sasa watauona uhalisi kwa macho, kwa idhini maalumu. Chupa mbili zikaingia jokofuni, mlango ukafungwa kwa lakiri, watu wakaambiwa warudi kesho.

Walirudi. Chupa ya Mwaija ilipopinduliwa, hakikutoka kitu. Chupa ya Mkurugenzi ilipopinduliwa, ilimwagika mezani, ikamtiririkia mjumbe mapajani.

Pengine yalikuwa mafuta mazuri tu. Zeituni halisi huweza kuganda na huweza kutoganda, kutegemea ilivyokamuliwa na ilivyochujwa, na jokofu haliwezi kumuapisha mtu. Lakini hayo hayakuwamo katika mwongozo. Bwanausi alisema jokofu limekosea. Methodius, akiwa na nia njema kabisa, aliomba mwongozo wa kauli hiyo: kama jokofu limekosea, basi mama huyu hana kesi, na kama halikukosea, basi kuna mtu amewalisha wageni wa serikali mafuta bandia, na kanuni inataka jiko la mtu huyo lizungushiwe utepe. Je, achukue utepe?

Bwanausi alichomoa leso. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kwenye tai. Hapo ndipo Mwaija alipoomba kusema.

"Mheshimiwa, mimi mafuta yangu hayajapanda chombo chochote," alisema. "Yametoka shambani kwetu Mlingotini."

Alikuwa anasema habari za minazi. Bwanausi alisikia habari za wokovu. Rangi ilianza kurudi usoni mwake. Aliinuka, akafunga kitufe cha koti, akautangazia umma kwamba uchunguzi wa kina chini ya uongozi wake umegundua zeituni ya kienyeji, inayozalishwa Mlingotini na mikono ya mama mzalendo, na kwamba zeituni hiyo imeishinda ya ng'ambo waziwazi, jokofuni, mbele ya mashahidi. Watu wa sokoni walipiga makofi, kwa sababu ilionekana samaki watakaangwa tena. Mwaija alirudishiwa kikaango siku hiyo hiyo. Alifungua mdomo aseme ni nazi, shoga yake mmoja akamkanyaga mguu.

Taarifa ilipelekwa makao makuu ikiwa na maneno mengi mazito, na makao makuu yakaiamini yote. Baada ya muda akaja Katibu Mwandamizi, Bi Genoveva, mama mfupi mwenye haraka, kujionea. Alipelekwa kwa Mwaija, akala changu kuanzia tumboni, akarekebishwa, akaanza upya shingoni. Akanusa kidogo, kisha akamuuliza Methodius mbona zeituni hii ina harufu kama ya nazi.

Methodius alimtazama Mkurugenzi wake. Bwanausi alikuwa anakodolea macho mwiba.

"Ni aina ya pwani, Mheshimiwa," Methodius alisema.

Bi Genoveva akaridhika. Katika hotuba yake alasiri ile alisema taifa haliwezi kuacha kipaji kama cha Bwanausi kikaoza ofisini. Makao makuu yameshampatia eneo kule Lugoba, ardhi tupu, ya kutosha, na miche ya mizeituni inakuja. Atakwenda yeye mwenyewe kuanzisha shamba la mfano na ataishi huko hadi mavuno ya kwanza.

Bwanausi alisimama. Kwa sauti ndogo, mbele ya watu wote, alisema kwamba kwa kweli yale mafuta yalikuwa ya nazi. Bi Genoveva alimshika bega, akawaambia waliohudhuria waone mfano wa kiongozi mnyenyekevu, asiyetaka sifa hata zinapomstahili. Makofi yalikuwa marefu.

Sasa Bwanausi yuko Lugoba. Miche imeshika, imekuwa vichaka vya kijani vyenye afya, haina ua wala tunda, kwa sababu mzeituni unataka baridi kali ili uzae, na Lugoba haina mpango huo. Wenyeji ni watu wastaarabu. Kila wakipita na mbuzi wao humpa pole ya kazi na kumuuliza inazaa lini, naye hujibu mwakani.

Methodius, ambaye siku hizi anakaimu nafasi yake, alimtembelea mara moja kwa ukaguzi. Bwanausi alimvuta kivulini akamwomba, kama ndugu, aandikie makao makuu ukweli wote. Methodius alisema angependa sana. Tatizo ni kwamba, kwa mujibu wa mwongozo, mafanikio hukanushwa na yule yule aliyeyatangaza, tena akiwa kwenye kiti chake ofisini.

"Kiti si unakalia wewe?"

"Ndiyo, mzee," Methodius alisema. "Ila mimi sikutangaza."

Bwanausi akachukua ndoo, akaenda kumwagilia.