Kanzu ya Fundi Noa

Jumanne, 18 Machi

Mchungaji amenipa zamu ya kunena katika ibada ya Jumapili. Mada: kumsikiliza jirani kabla ya kumhukumu. Chaguo la busara. Katika usharika wetu wote hakuna asikilizaye upesi kama mimi. Mara nyingi huelewa kabla msemaji hajamaliza.

Baada ya ibada, jumuiya yetu ya Makorora itachagua mwenyekiti. Majina ni mawili: langu, na la Noa, fundi cherehani, ambaye hushonea kwenye baraza ya Mzee Abdulghani kule Ngamiani. Noa ni mtu wa kimya. Watu huita kimya unyenyekevu. Mimi naita upungufu wa la kusema.

Elizabeti, mke wangu, ameuliza kama nimeanza kuandika hotuba. Nikamwambia iko yote kichwani. Akasema basi imepata nafasi ya kutosha. Sikuelewa, ila sauti yake ilikuwa ya heshima.

Jumatano, 19 Machi

Nimepita Ngamiani kwa baiskeli. Nimeona!

Noa amevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua. Amesimama barazani, mikono ameinyoosha. Mzee Abdulghani ameketi kitini, anamtazama toka mabega hadi visigino na kutikisa kichwa kwa kuridhika. (Mguu mmoja wa mzee umefungwa bandeji kubwa. Jambo lisilohusika.) Sikusimama. Kuna haja gani? Fundi Noa amesilimu! Katikati ya Kwaresima, na uchaguzi Jumapili hii!

Nilihuzunika sana. Nimefika nyumbani nikipiga mluzi.

Nikamsimulia Elizabeti. Akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema, “Baba Precious, umemwuliza mwenyewe?” Nikamjibu kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na sijapata kuona mtu akiyahoji mawingu.

Alhamisi, 20 Machi

Siku ya jaribio. Saa saba mchana nimefika barazani na maandazi ya moto, nikamkaribisha Noa kwa upendo wote wa kindugu.

“Asante, mzee wangu,” akasema. “Mchana, hapa, sili.”

Anafunga! Akaanza kunieleza sababu. Nikainua mkono kumzuia, maana sababu nilikuwa nayo tayari. Nikayala maandazi mwenyewe palepale, yote, ili yasiharibike. Mzee Abdulghani na mwanawe Hatibu wakageuzia nyuso zao ukutani. Dhamiri inawasuta.

Kwaresima hii mimi nimejinyima sukari. Iliyomo ndani ya maandazi haionekani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda kwa Mchungaji. Swali lake la kwanza: je, nimezungumza na Noa? Nikasema tumezungumza kwa kirefu. Kwa kuwa nimepita pale mara mbili, si uongo. Akasema tusiwe na haraka, ataonana naye juma lijalo.

Juma lijalo! Uchaguzi utakuwa umepita! Kondoo akipotea, mchungaji halali, hupiga yowe. Nitapiga mimi.

Jioni Noa amemtuma mtu: ana neno moja la kunieleza kabla ya Jumapili. Ni wazi anataka kuungama faraghani. Nikajibu kwamba sina nafasi, natayarisha hotuba juu ya kusikiliza.

Jumapili, 23 Machi

Nimenena. Nilianza hivi: “Ndugu wapendwa katika Bwana, mgeni mwungwana hubisha hodi. Nasi tubishe hodi katika moyo wa mwenzetu, tusubiri kuitikiwa, tusiuingie na viatu vyenye tope.” Kwaya ikaitikia amina. Akina mama wawili walifuta macho. Ningekomea hapo ingekuwa hotuba ya mwaka.

Ila wajibu ni wajibu. Nikaliomba kanisa lisimame, tumwombee ndugu yetu Noa, aliyeiacha imani kwa ajili ya kanzu.

Hakuna aliyesimama. Hata watoto.

Noa akainuka polepole. Akaeleza kwamba Mzee Abdulghani alianguka ngazini na kuvunjika mguu, hawezi kusimama kupimwa kanzu ya Idi. Wao wawili ni kimo kimoja na mabega mamoja. Kwa hiyo huivaa yeye, na mzee huangalia urefu wa pindo kutoka kitini. Kuhusu chakula: anashonea kwenye baraza ya watu waliofunga, naye huona haya kutafuna mbele yao.

Hapo watu wengi waligeuka kunitazama mimi. Habari za maandazi zilikuwa zimenitangulia.

“Neno nililotaka kumweleza Mzee Robert ni hili,” akamalizia Noa. “Kazi za Idi zimenielemea. Nilikusudia kuliondoa jina langu na kuwaombeni mumchague yeye. Sasa sijui nianzie wapi.”

Alikaa. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne alicheka, akajifanya anakohoa.

Amechaguliwa Elizabeti. Jina lake lilipendekezwa palepale, na mikono yote ikainuka, pamoja na wangu. Niliuinua kabla jina halijatajwa, nikijua litakuwa langu.

Jumatatu, 24 Machi

Mwenyekiti, ambaye ni mke wangu, ameniagiza nikaombe radhi. Nimetii. Saa saba mchana nimefika Ngamiani na sahani ya maandazi, safari hii mengi zaidi, yenye iliki.

Noa alinipa mkono. Amesamehe. Mzee Abdulghani alicheka mpaka akaushika mguu wake. “Mwenzio kasilimu mabega tu, Robert,” akasema. “Roho kakuachieni wenyewe.”

Maneno mazuri. Lakini maandazi hawakuyagusa! Hatibu aliifunika sahani na kuisogeza ndani. Kwao mgonjwa ana ruhusa ya kula, hilo nalijua vyema, kwa hiyo mzee kukataa maana yake ni kinyongo. Noa alitaka kunieleza kitu juu ya maandazi. Nilikuwa na haraka.

Jua lilipozama, Hatibu amebisha hodi. Amerudisha sahani yetu, imejaa tende na kaimati, bado za moto. Alisema baba yake anashukuru kwa futari. Sikudanganyika. Mchana wanakataa cha kwangu, jioni wananiletea chao! Wanataka kuninyamazisha. Kuna jambo kwenye baraza ile ambalo bado sijaligundua.

Elizabeti ameuliza kama nimemwuliza Hatibu maandazi yaliliwa saa ngapi. Nimemjibu kwamba kesho alfajiri nakwenda kwa Mchungaji.

Kaimati nimezila zote, ili ushahidi usiharibike.