Jina Langu Ukutani mwa Zahanati

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nafasi moja! Kamati ya zahanati yetu hapa Temeke imebakiza kiti kimoja cha mwananchi. Kura Jumamosi. Majina ya wajumbe huchorwa kwa rangi ukutani, mlangoni pale, chini ya jina la daktari. Miaka kumi na moja nanyonya vyoo vya watu kwa gari langu mwenyewe, bila mjomba wala shangazi wa kunishika mkono. Shukrani yao? Kuniita Twaha Vyoo. Hata harusini! Nikichorwa ukutani tutaona nani ataniita hivyo tena.

Mpinzani mmoja tu: Bi Somoe, kungwi wa mtaa, mfunda mabiharusi. Hesabu yangu: mie asilimia themanini, yeye ishirini. Nimempunguzia kwa sababu anacheka sana.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kuchimba historia ya Bi Somoe, nimpate pabaya. Nikaanzia kwa Mzee Revelian, mwenyekiti wa kamati, seremala wa Kihaya. Shikamoo, nikajifanya naulizia kitanda. Huyu Bi Somoe ana lipi hasa? Mzee akaendelea kupiga randa. Akasema mwaka ule wa kipindupindu watu walikuwa wanaficha wagonjwa, manesi wanafungiwa milango. Bi Somoe akatoka na ngoma yake. Nani atamfungia mlango aliyemfunda mama mwenye nyumba? Akaingia zote. Wagonjwa akawatoa mmoja mmoja, wengine mgongoni. Mgongoni! Bibi yule mwembamba!

Nikamuuliza na yeye mzee aliingiaje kwenye kamati. Akachukua ubao mwingine. Mkewe aliyeniletea kahawa ndiye kaninong'oneza: miaka ile ya ukimwi, ndugu walipoogopa kugusa maiti wao, Mzee Revelian aliwaosha kwa mikono yake. Majeneza akayachonga kwa mbao za vitanda vya wateja. Wateja wakaambiwa wasubiri, wakasubiri.

Kahawa imepoa mkononi. Nyumba hiyo naijua miaka yote, ila nilichokuwa najua ni kwamba shimo lao linajaa upesi. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Gari nimelisahau kwao.

Alhamisi, 8 Mei

Nimelifuata gari. Njiani, akili! Kama ni historia, nami nitakuwa nayo. Mwenyekiti wa mtaa kasema mgombea hajisifu, anasimuliwa na jirani. Nimemchagua Mwishehe, mnadi wa mitumba. Sauti yake inafika bandarini bila spika. Nimemwelekeza aseme kwamba kwenye kipindupindu nilinyonya vyoo vya mtaa mzima bure. Kunyonya nilinyonya. Hiyo "bure" ni yangu ya leo.

Munira, mke wangu, kauliza kama nina akili timamu. Mwishehe Mzaramo, mie Mnyamwezi: mtani wangu! Tena juzi tu, kwenye msiba wa mjomba wake, si mie niliyeruka kaburini nikagoma kutoka mpaka wanipe jogoo? Nikamwambia ule ulikuwa msiba, huu ni uchaguzi. Munira hajui siasa.

Jumamosi, 10 Mei

Mwishehe kasimama. Kasema: "Jamani, huyu mnayemwona kachana nywele ni mtumwa wangu! Babu yake alimbebea babu yangu mizigo toka Tabora, akasahau njia ya kurudi. Kipindupindu kilipoingia kanyonya vyoo kwa bei mara mbili, na maua ya mama yangu kayakanyaga. Historia hana. Ana harufu!"

Watu hoi. Mzee Revelian anajifuta machozi. Na mie kununa siruhusiwi, mtani akinuna anatozwa mbuzi. Nimecheka mpaka taya zimeuma.

Ikaja zamu ya Bi Somoe. Mwenyekiti wa mtaa kauliza nani atamsimulia. Mwanamke mmoja kasimama. Kabla hajafungua mdomo kasimama wa pili, kijana nyuma yake, mzee mwenye fimbo. Walisimama tu, wale aliowabeba na wana wa wale aliowabeba. Nikaanza kuhesabu, nikaacha, na mie siachagi kuhesabu. Munira naye kasimama! Nilipojishtukia, nami nimesimama, mkono juu, nampigia kura mpinzani wangu.

Kura yangu moja. Ya Mwishehe. Kasema hamtupi mtumwa wake.

Jumanne, 13 Mei

Bi Somoe kaja mwenyewe mpaka mlangoni. Kikao chake cha kwanza, hoja yake ya kwanza: shimo la zahanati limejaa, aitwe Twaha. Kasema mwaka ule bei nilipandisha kweli, anakumbuka, lakini wenzangu wenye magari walikimbia wote, mie nilibaki. Kisha akacheka. Nimenyonya shimo lile kwa adabu kama nabeba biharusi.

Bure! Ila nimeomba kitu kimoja. Fundi rangi kamaliza jioni, ukutani, upande wa vyoo: SHIMO LIKIJAA MPIGIE TWAHA. Herufi kubwa kuliko za daktari! Nimezipima kwa kiganja, mara mbili.

Mwezi ujao kamati ya shule ya msingi inatafuta mjumbe. Nimeshaongea na Mwishehe, anisimulie. Sauti anayo, na sasa historia yangu anaijua vizuri.